Ninga wa Pemba yuko mikononi mwa wenye mikuyu

Kila nikikaa na watu wakajua kuwa nafundisha baiolojia na kwamba mie na wanafunzi wangu tunafuatilia ninga, swali linalokuja ni lile lile: huyo ndege ana faida gani hata mhangaike naye hivyo. Nimeulizwa barazani, nimeulizwa ndani ya gari ya abiria ya Konde, nimeulizwa na mzazi alokuja skuli kutaka kujua kwa nini mtoto wake kila jioni yuko chini ya mti kaangalia juu. Ni swali la haki kabisa, na nimeshachoka kusikia likijibiwa kwa maneno ya semina, kwa hiyo ntalijibu hapa kwa nilivyoyaona mwenyewe, ila itabidi mnivumilie nianze mbali kidogo.

Ninga wetu wa Pemba hapatikani pahala pengine popote duniani. Sio Unguja, sio bara, hapa tu na kwenye vile visiwa vidogo vilivyotuzunguka. Kwa wasiomjua, ni njiwa wa kijani, mnene mnene, kichwani na kifuani ana ukijivu uliochanganyika na kijani, mgongo kijani, begani ana baka la zambarau ambalo ukilipata kwenye darubini na jua liko nyuma yako basi humsahau tena, na chini kuelekea mkiani kuna manjano. Hashuki uwanjani kuokota mpunga kama tetere. Yeye maisha yake ni matunda, na hasa makuyu na matunda ya milandege, miti ile yenye matunda madogo wanayopenda ndege. Bara nako kuna ninga, watu wa Tanga na Mombasa wanawajua vizuri, lakini wale ni aina nyengine, kijani chao kinang'aa zaidi kuliko cha huyu wetu. Huyu aliandikwa rasmi kuwa aina ya peke yake mwaka 1940, alomwandika ni Pakenham, Muingereza alokuwa akifanya kazi serikalini Zanzibar enzi zile za ukoloni na akipenda ndege sana, na jina lake la kisayansi ni Treron pembaensis, yaani hata huko kwenye vitabu vya wazungu kabeba jina la kisiwa chetu.

Kwa nini awe hapa tu? Ni bahari. Mkondo ulioko baina yetu na bara una kina cha mamia ya mita, hata zile zama za kale maji ya bahari yaliposhuka na Unguja ikaungana na bara, Pemba ilibaki kisiwa. Kwa hiyo viumbe waliokuwa hapa walikaa muda mrefu sana bila kuchanganyika na wenzao mpaka wakawa wengine. Ndo maana kisiwa cha karibu kilomita za mraba 1,000 tu kina aina nne za ndege wasiopatikana kwengine kokote, ninga mmoja wao, pamoja na bundi wetu mdogo, chozi wa Pemba, na yule kidege cha manjano mwenye duara jeupe machoni, halafu ongeza popo wetu mkubwa. Hili nikiwaeleza wanafunzi huwa wanakaa kimya kidogo maana wamezoea kuambiwa kwamba vitu vya maana viko Serengeti.

Sasa tulipoanza klabu ya mazingira pale skuli wazo lilikuwa twende Ngezi, msituni, tukawaone ninga. Na kweli Ngezi wapo. Lakini msituni kumuona ninga ni shida mno, yeye akikusikia hakimbii, anatulia vile vile alivyo ndani ya majani, rangi yake na jani moja, unaweza ukasimama chini yake robo saa na juu wako ndege kumi na huoni hata mmoja. Mpaka mmoja atikise bawa ndo wote wanatoka kwa mpigo na wewe umebaki na mshituko. Tulichojifunza haraka ni kwamba ninga hatafutwi, unatafuta mti wenye matunda yaliyoiva halafu unakaa. Unakaa hasa. Ukisikia vipande vya makuyu vinadondoka na hakuna upepo, basi juu kuna mtu anakula. Na miti hiyo kumbe haiko Ngezi tu, iko vijijini kwetu, nyuma ya nyumba, kwenye mabonde ya mpunga, makaburini, penye chemchemu.

Ndo tukabadilisha mpango. Kila mwanafunzi wa klabu akapewa mkuyu au mlandege mmoja wa karibu na kwao, akawa na daftari, kila wiki anaandika: mti una matunda mabichi, yameiva, au hauna kitu, na ndege gani wameonekana. Kazi rahisi, haina gharama yoyote, kalamu na daftari. Lakini kile kilichotoka kwenye yale madaftari kwangu mie ndo somo kubwa kuliko yote niliyowahi kusomea chuoni kuhusu ndege huyu.

Miti haizai pamoja. Embe zina msimu wake, kila mtu anaujua, karafuu zina msimu, lakini mkuyu kila mti na saa yake. Mti wa nyumbani kwa mwanafunzi mmoja umejaa makuyu mekundu, mti wa jirani yake mwendo wa dakika kumi hauna hata kuyu moja, na ule wa ng'ambo ya bonde ndo kwanza unaanza kutoa vidogo vidogo. Mwezi unaofuata mambo yamegeuka. Tulipoyaweka madaftari yote mezani tukaona kwamba ninga wanazunguka, wanaonekana mti huu wiki mbili, wanapotea, wanaonekana kule. Kwa hiyo ninga haishi kwenye mti mmoja wala kijiji kimoja, anaishi kwenye ule mzunguko mzima, na mzunguko huo unapita kwenye mashamba ya watu wasiojuana. Akikata mmoja mkuyu wake anaona kakata mti mmoja, kumbe kaondoa wiki mbili za chakula katika mwaka wa ndege, na zile wiki mbili pengine hakuna mti mwengine unaozaa karibu. Mie nilikuwa nafahamu kinadharia kwamba jamii ya mikuyu inazaa hivyo ovyo ovyo bila msimu, lakini kuliona kwa macho kwenye maandiko ya watoto wa miaka kumi na tano, na miti ninayoijua kwa majina ya wenyewe, ni kitu chengine.

Na hapo ndipo historia yetu inapoingia. Kisiwa hiki zamani kilikuwa na msitu mkubwa, karne ya 19 ndo karafuu zikaingia enzi za Sayyid Said, na baada ya kile kimbunga cha 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndo kitovu cha karafuu mpaka leo. Msitu ukakatwa kupisha mikarafuu. Uliobaki ni Ngezi, hekta 1,440 hivi zilizohifadhiwa tangu 1959, na vipande vyengine kama Msitu Mkuu na Ras Kiuyu. Ukipiga hesabu, Ngezi si hata sehemu mbili kwa mia ya kisiwa. Ninga aliponea kwa sababu wakulima wa karafuu waliacha miti ya hapa na pale, na ndege huyu ana uvumilivu, hakatai kukaa na watu. Halafu yakaja Mapinduzi ya 1964, ardhi ikagawiwa eka tatu tatu, na kisheria ardhi ni ya serikali lakini mti ni wa mwenye kuupanda au kuurithi. Kwa hiyo leo ukitaka kujua mustakbali wa ninga uko mikononi mwa nani, usitafute ofisi, uko mikononi mwa maelfu ya wenye eka tatu na warithi wao, kila mmoja na mkuyu wake mmoja au miwili.

Watu hupenda kunipa mfano wa popo, na ni mfano mzuri kweli, mie huuhadithia kwa fahari. Mwishoni mwa miaka ya 1980 popo wa Pemba walikadiriwa kuwa elfu chache tu, walikuwa wakiwindwa mno na miti yao ikikatwa. Miaka ya 1990 Idara ya Misitu pamoja na shirika la Fauna & Flora International wakashirikiana na vijiji, zikaanzishwa klabu za popo, watu wenyewe wakaamua hapa hapawindwi. Kidike wakafungua sehemu ya wageni kuja kuwaangalia na kulipa kiingilio. Katikati ya miaka ya 2000 popo walipohesabiwa tena wakaonekana wamepita elfu ishirini. Ni kazi ya wanakijiji hiyo, si ya mtu mwengine.

Lakini popo mchana kutwa analala pahala pamoja. Miti ile ile, mamia kwa maelfu, unaijua, unaweza kuiwekea mlinzi na kuwahesabu. Ninga hana Kidike yake. Leo wako watano kwa Bi fulani, kesho hawapo. Huwezi kumwekea geti wala kumkatia tiketi. Kwa hiyo mtu akiniambia tufanye kama walivyofanya kwa popo namwambia tuchukue ile roho yao, wanakijiji kuamua wenyewe, lakini njia itabidi iwe nyengine, kwa sababu huyu inabidi uongee na mwenye mti mmoja mmoja, na kuongea na mwenye mti mmoja mmoja ni kazi ya miguu.

Nilikwenda kwa babu mmoja kijiji cha jirani, alikuwa maarufu kwa kunasa ndege kwa ulimbo tangu ujana wake. Kuna watu walinambia usiende, atadhani unamtafutia kesi. Nikaenda na wanafunzi wawili, mmoja ni mjukuu wake wa mbali. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza, "Nasikia watafuta ninga?"

"Natafuta kuwaona tu babu."

"Basi umekuja kwa mwenyewe. Kaa."

Tukakaa mpaka alasiri. Alitueleza vipi alikuwa akipika utomvu wa mfenesi mpaka unanata vizuri, vipi alikuwa akichagua mlandege badala ya mkuyu kwa sababu matunda yake madogo na ndege wanatulia juu kwa muda, na vipi ninga akinasa hapigi kelele, ananyamaza tu. Alijua saa wanayokuja asubuhi, alijua kwamba kukinyesha usiku wanachelewa, alijua miti mpaka ile ambayo haipo tena, ananyoosha kidole pale penye nyumba ya bati anasema hapo palikuwa na mkuyu nilikuwa nikipata hapo. Mie nina shahada na yule babu hajafika darasa la saba lakini kwa ninga yeye ndo mwalimu, na sisemi hivyo kwa adabu tu, ni kweli. Nilimuuliza kwa nini aliacha. Nilitegemea aseme sheria, maana tangu 1996 tuna sheria ya misitu na maliasili, au aseme uzee. Akasema, "Zamani nilikuwa siwahesabu mwanangu. Siku hizi wakija nawahesabu. Kitu ukishaanza kukihesabu ujue kinakwisha."

Halafu akasema jambo jengine ambalo limenibadilishia namna ya kufundisha. Mmoja wa wale wanafunzi alikuwa anamueleza kwa heshima kwamba babu, ninga ni muhimu kwa sababu anapanda misitu, anakula makuyu anakwenda kunya mbegu kwengine, kama tulivyozoea kusema kwenye mabango. Babu akacheka akamwambia, "Huyo ni popo. Ninga mie nimewapasua wengi. Tumboni unakuta unga."

Na yuko sawa. Njiwa hawa wa kijani wana firigisi yenye nguvu sana, na wenzao waliochunguzwa kwenye misitu ya Malaysia walikutwa wanasaga mbegu za makuyu badala ya kuzitoa nzima. Popo anakula, anatema, anabeba, anapanda kweli kweli. Ninga kwa makuyu ni mlaji. Sasa hebu fikiria umekwenda kijijini na bango lako linasema ndege huyu anapanda misitu, na mbele yako wamekaa watu waliompasua ndege huyo tokea utotoni na wanajua tumboni mwake mna nini. Watakusikiliza kwa adabu, watakunywa soda, wataondoka. Hawatokwambia kitu. Lakini hawatokuamini tena hata ukisema ya kweli.

Kwa hiyo sasa nikiulizwa ana faida gani nasema wazi, faida ya kupanda msitu muulizeni popo. Na faida ya pesa pia siahidi. Wapo wageni wanaokuja Pemba mahsusi kwa ajili ya wale ndege wanne, wanashukia Chake, wanachukua gari, wanalipa kiongozi pale Ngezi, na ni pesa halali inayosaidia baadhi ya vijana. Lakini haimfikii yule bibi mwenye mkuyu bondeni kwake, na nimeshaona kinachotokea mradi ukija ukaahidi pesa halafu mradi ukafika mwisho wake: watu wanakasirikia mpaka yule mnyama. Bora useme mapema kwamba hakuna pesa.

Ninachosema ni hiki. Kitu kikiwa duniani kote kiko kwako tu basi hicho ni amana. Sikukichagua mie wala wewe hukukichagua, tumezaliwa tukakikuta. Na akitoweka hapa hakuna pa kwenda kumchukua mwengine, si Tanga wala Dar. Hili watu wa Pemba wanalielewa haraka kuliko mambo ya mfumo wa ikolojia. Neno amana kwetu lina uzito, mtu anaweza kufa maskini lakini asile amana. Na kuna hadithi ya Mtume, rehma na amani zimshukie, ambayo kila mtoto wa chuo cha Kurani anaijua, kwamba Muislamu akipanda mti, akala humo mtu au ndege au mnyama, kwake yeye ni sadaka. Mie sikuanza kuitumia, aloianza ni imamu wa msikiti mmoja huko tulikokuwa tukizunguka, siku ya Ijumaa, bila hata kunishauri, akasema wenye mikuyu wana sadaka inayoendelea na hawajijui. Baada ya ile hotuba nilipokelewa kwenye majumba tofauti kabisa. Na si ajabu kwa Pemba, kisiwa cha Misali kule kwenye hifadhi ya 1998 wavuvi walifundishwa kutunza bahari kwa mafunzo ya dini, na wengi yaliwaingia kuliko makatazo ya serikali.

Ila nisiwaoneshe kama kila kitu ni hotuba na watu wakakubali. Mkuyu na mkarafuu wanagombana. Mkuyu una kivuli kikubwa na mikarafuu iliyo chini yake inatoa kidogo, na mwenye shamba anajua kila konyo la karafuu lina thamani gani. Mkuyu karibu na nyumba mizizi inapasua msingi, karibu na kisima inaingia kisimani. Na watu tunaongezeka, sensa ya 2012 ilikuta Pemba watu laki nne na elfu sita na ushee, ya 2022 ikakuta zaidi ya 543,000, hao wote wanataka kujenga na kupika, na jikoni bado ni kuni na makaa. Mtu akikata mti ili ajenge mwanawe akioa, mie nitasimama wapi nimwambie usikate?

Kuna mkuyu mmoja mkubwa sana ulikuwa kwenye daftari letu, karibu na chemchemu, tuliuona ukizaa mara kwa mara na siku moja tulihesabu juu yake ninga wengi kuliko mti mwengine wowote. Wazee walikuwa hawaugusi kwa sababu pahala penyewe palikuwa na mzimu, watu wakienda kutambika zamani. Kiwanja kikauzwa kwa mtu wa mbali, hakuwa na habari za mzimu wala za ninga, akaleta msumeno wa mashine, asubuhi mpaka adhuhuri mti uko chini. Mwanafunzi aliyekuwa na daftari lile ni msichana mmoja mkimya, alikuja skuli akaniletea daftari akasema mwalimu huu hauna tena haja ya kuandikwa. Nilimwambia aendelee kuandika, tarehe, na kwamba mti haupo, na ninga wakija waandikwe vile vile. Walikuja. Mara kadhaa aliwaona wakizunguka pale juu halafu wakenda zao. Yale maandiko yake ndo nimeyabeba kila nikienda kuonana na masheha, wale wakuu wa serikali vijijini, na naamini yamefanya kazi kuliko picha yoyote.

Jengine nililolipata pale ni kwamba imani za mizimu zimelinda miti mingi kuliko tunavyokubali kusema, na zinapungua, na mie kama Muislamu sitaki zirudi, lakini ule mti ulokuwa ukilindwa na khofu lazima upate kitu chengine cha kuulinda kabla khofu haijaisha. Makaburini hali ni afadhali. Hapo watu hawakati, na baadhi ya miti yetu bora iko makaburini, popo pia wanalala huko.

Tulichoweza kufanya kwa wenye karafuu ni makubaliano madogo madogo. Badala ya kukata mti, kata tawi lililoelekea mikarafuu, acha yaliyoelekea bondeni. Ami mmoja alikubali kwa sharti kwamba sisi ndo tuje kulikata na kulibeba, vijana wakaja na mapanga, kuni wakapewa wake wa nyumba ile, mambo yakaisha vizuri. Na tunapanda. Mkuyu hautaki mbegu, ukikata fimbo nene kiasi ukaichomeka ardhi ikiwa na maji, wakati wa masika, unashika. Tabu ni mbuzi na ng'ombe, kimea kikitoa majani tu kimeliwa, kwa hiyo tunazungushia miiba na tunachagua sehemu ambazo hazina ugomvi: kingo za mabonde, mipaka ya skuli, pembezoni mwa makaburi kwa ruhusa ya wazee. Kuna shirika la Community Forests Pemba nao wanafanya kazi kubwa ya kupanda miti kisiwani kwa miaka mingi. Mie ombi langu kwa kila anayepanda ni moja, msiishie kwenye miti ya mbao na matunda ya kuuza, tieni na milandege.

Kwa wanaodhani natia watu khofu bure, waangalie majirani zetu Wangazija, watu wa visiwa vya Komoro. Wao pia wana ninga wao wa visiwani, aina ya peke yake kama huyu wetu. Zamani alikuwepo Ngazija na Nzwani, sasa kabaki Mwali peke yake, kisiwa kidogo kuliko vyote vile vitatu. Visiwa viwili vishakwenda. Mauritius nako walikuwa na dodo, ambaye wengi hawajui kwamba ni wa ukoo wa njiwa, kaisha karne ya 17. Lakini Mauritius hiyo hiyo wana njiwa mwengine wa rangi ya waridi, mwaka 1990 walikuwa wamebaki kama kumi tu porini na watu wakashughulika naye, wakamzalisha, wakamlinda na paka na panya, leo wako mamia. Kwa pesa nyingi na kazi ya miaka zaidi ya thelathini. Sisi hatujafika huko, ninga wetu bado yupo vijijini, bado mtoto wa Micheweni anaweza kumuona akienda skuli. Kwenye Orodha Nyekundu ya kimataifa kawekwa miongoni mwa walio hatarini, na kumtunza saivi ni rahisi mara mia kuliko kumrudisha baadae.

Na sasa ombi langu, hasa kwa Wapemba walioko Unguja, Mombasa, Maskat, Dubai, na kwengineko. Wengi wenu mna eka huku, mmeacha wasimamizi, karafuu zikichumwa mnatumiwa hesabu. Miti mikubwa mingi tuliyonayo kwenye daftari ni ya watu ambao hawapo kisiwani, na msimamizi hana la kusema, akiambiwa na fundi wa makaa kwamba mkuyu ule hauna kazi anauuza, kwake yeye ni pesa ya sukari. Pigeni simu. Ulizeni kwenye shamba letu kuna mkuyu au mlandege, uko wapi, ukisemwa ukatwe niambiwe kwanza. Mmoja wa Maskat, baba wa mwanafunzi wangu wa zamani, alifanya hivyo mwaka jana, akamwambia msimamizi mbele ya sheha kwa simu yenye spika kwamba mti ule ni wake, umeachiwa ndege, na asiye na ruhusa asiuguse. Msimamizi alikuwa anaona mikarafuu minne iliyo chini yake inaumia. Wakabishana kidogo, tukatembelea pamoja, ikaonekana ni miwili tu, na yule baba akasema hiyo miwili hesabu yake aondoe kwenye fungu langu.